Maswali ya Wasomaji: Mbona kadi zangu zimekuwa mbilimbili?

Mwezi huu meseji zilizojaa ni za Anki, ile programu ya kutengenezea kadi za kujisomea, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kakopi templeti (ule muundo unaopanga kadi ionekaneje), akarudi akakuta kila kitu kimejirudia. Kwa ambao hamjaifahamu, Anki ilitolewa na Damien Elmes mwaka 2006, kwenye kompyuta ni bure na kwenye Android ipo AnkiDroid nayo bure, unaandika swali na jibu halafu yenyewe inakupangia lini ulione tena. Walimu na wanachuo wa huku kwetu kusini wameanza kuipenda na mimi nafurahi sana kuona hivo, ndo maana nimeamua safu yote ya leo iwe ya hili jambo moja.

*

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, niko Masasi. Nina kadi 340 za sarufi nimeziandika jioni jioni tangu mwaka jana, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanazitumia kwenye kompyuta yangu na mimi ninazo kwenye simu pia. Juzi nikataka maandishi yawe makubwa na juu ya kila swali kuwe na neno "Swali", ila nikaogopa kuharibu muundo wa zamani, nikasema ngoja nikopi templeti kwanza nichezee kopi. Kufumba na kufumbua kadi zimekuwa 680, kila swali linakuja mara mbili. Nikaanza kufuta zile za pili moja moja, kufika kama ya ishirini nagundua zile za kwanza nazo hazipo! Nikaacha hapo hapo sijagusa tena. Mock imekaribia, nisaidie.*
*— Mwalimu, Masasi*

Mwalimu wangu pole sana, na umefanya jambo la maana mno kuacha hapo hapo. Wengi wanaendelea kufuta kwa hasira mpaka usiku wa manane halafu ndo wanaandika barua.

Kabla ya yote naomba ujiulize kitu kimoja: tangu ajali itokee umeshasinki? Yaani umeshabonyeza kile kitufe cha kuoanisha kompyuta na simu kupitia AnkiWeb, ile hifadhi ya Anki ya mtandaoni? Kama bado, na simu yako bado ina zile kadi 340 nzima, basi kazi ni ndogo kuliko unavyofikiri. Chukua simu kwanza, sinki simu, ili kila ulichojibu kwenye simu kiende juu. Halafu nenda kwenye kompyuta ubonyeze "Sync". Kwa kuwa uliongeza templeti, umebadilisha muundo wenyewe wa mkusanyiko, na Anki haiwezi kuchanganya miundo miwili tofauti, kwa hiyo itasimama ikuulize: upakie cha kompyuta kiende AnkiWeb au ushushe cha AnkiWeb kije kwenye kompyuta. Chagua "Download from AnkiWeb". Hapo ule mparaganyiko wote wa kwenye kompyuta unafutika na zinarudi zile 340 zako, pamoja na zile ishirini ulizofuta. Ukichagua "Upload" hapo umeumia, umepeleka ajali kwenye simu pia, kwa hiyo usome kwa utulivu kabla ya kubonyeza. Hata kama kompyuta yako imewekwa isinki yenyewe ukifungua na kufunga programu usiogope, kwenye badiliko la namna hii lazima ikuulize kwanza. Kitakachopotea ni yale tu uliyofanya kwenye kompyuta bila kuyasinki kabla.

Sasa nikueleze kwa nini imetokea, maana usipolielewa hili litakurudia mwezi ujao.

Kwenye Anki wewe huandiki kadi, unaandika noti. Noti ni zile fildi, yaani visanduku vya kuandikia, ulizojaza, mfano fildi ya mbele "Mkorosho uko ngeli gani?" na fildi ya nyuma "U-I: mkorosho umeanguka, mikorosho imeanguka". Kadi inazaliwa pale templeti inapochukua zile fildi na kuzipanga. Templeti moja, kila noti inazaa kadi moja. Templeti mbili, kila noti inazaa kadi mbili. Wewe ulienda kwenye dirisha la "Cards" ukachagua kuongeza aina ya kadi, na Anki hapo kweli inakopi templeti uliyokuwa umeifungua, ila haiikopi ikaiweka pembeni kama akiba, inaiweka kazini saa hiyo hiyo kwa noti zote 340. Ndo 680 hizo. Na kuna kimeseji kilitokea kukuuliza kwamba hii itatengeneza kadi kadhaa, uendelee? Kile kimeseji tunakipita haraka sana sisi wote kwa sababu tunadhani ni adabu tu ya programu, kumbe ndo onyo lenyewe.

Kuna kitasa kingine pia ambacho kingekuokoa. Anki inakataa kuseva templeti ambayo upande wa mbele umefanana kabisa na wa templeti nyingine ya aina ileile ya noti, inakuandikia kosa. Kwako ilikubali kwa sababu uliongeza lile neno "Swali" juu. Kwa macho ya mtu swali ni lilelile, ila kwa programu upande wa mbele si ule tena, basi ikapita.

Na kuhusu kufuta: noti ni shina, kadi ni matawi yake. Kwenye dirisha la "Browse" ukichagua kadi ukabonyeza futa, unakata shina, matawi yote yanaanguka. Haijalishi ulishika tawi lipi. Ndo maana ukifuta ya pili na ya kwanza inaondoka.

Tuseme ulishasinki, au simu haina kitu. Fanya hivi, na ufuate mpangilio huu huu. Kwanza nenda "File" ueksporti mkusanyiko wote kama faili la .colpkg uweke kwenye flashi, hata kama umevurugika, maana hiyo ni bima yako. Pili fungua "Browse" uangalie kile kiswichi cha juu kinachobadilisha kati ya kadi na noti. Ukiweka kwenye kadi utaona kama 640, ukiweka kwenye noti utaona 320. Hiyo ndo ithibati kwamba noti zako hazijarudiwa, ni kadi tu. (Ingekuwa noti nazo zimeongezeka basi tatizo ni lingine, soma jibu la mdogo wetu wa Lindi hapo chini.) Tatu, andika kwenye kisanduku cha kutafutia card:2 uhakikishe zinazotokea ni zile zenye "Swali" juu. Nne, nenda "Tools", "Manage Note Types", chagua aina yako, bonyeza "Cards", pale juu chagua kadi ya pili, halafu kwenye "Options" chagua kuondoa hiyo aina ya kadi. Itakuambia ni kadi ngapi zinaondoka, soma hiyo namba, ikilingana na idadi ya noti zako kubali. Hii haikati shina, inaondoa tawi moja kwenye kila mti kwa mkupuo.

Zile ishirini zilizokatwa shina utazitoa kwenye bakapu. Anki inajiwekea bakapu yenyewe bila wewe kuiambia, na watu hawajui. Nenda "File", "Switch Profile", hapo ongeza profaili mpya uite hata "Majaribio", uifungue, halafu ingiza humo faili la bakapu la tarehe ya kabla ya ajali. Usiingize kwenye profaili yako kuu, maana .colpkg inafuta kila kilichopo na kukaa yenyewe. Ukiziona kadi zako zote 340 humo, eksporti deki lile (yaani lile fungu la kadi) kama .apkg na uweke tiki ya kubeba ratiba ya marudio, rudi profaili yako kuu uliingize. Zile ambazo tayari unazo itazitambua haitazirudia, zitaingia zinazokosekana tu. Ndo maana nimesema uondoe templeti kwanza, ili miundo iwe sawa pande zote mbili wakati wa kuingiza.

Na lile ulilotaka tangu mwanzo, maandishi makubwa na neno juu, halihitaji kukopi chochote Mwalimu. Ukubwa wa maandishi, rangi, nafasi, vyote viko kwenye "Styling", badilisha hapo unaona papo hapo upande wa kulia. Neno "Swali" liandike moja kwa moja kwenye upande wa mbele wa templeti uliyonayo, juu ya fildi. Kadi haziongezeki, ratiba haiguswi. Kama kweli unataka uwanja wa kuchezea, kwenye "Manage Note Types" bonyeza "Add" na uchague "Clone" ya aina yako, uipe jina jipya. Hiyo ni aina nyingine kabisa yenye templeti zake, haina noti hata moja ndani, ichezee utakavyo. Ukiridhika nayo unachagua noti kwenye "Browse" na kuzihamishia huko kwa "Change Note Type", historia ya majibu inakwenda nazo.

*

*Shikamoo dada. Nasoma uuguzi hapa Lindi, tuko watano hosteli tumegawana kutengeneza kadi za dawa, kila mtu anafanya zake halafu tunarushiana mafaili WhatsApp. Sasa nikiingiza ya mwenzangu, kwenye orodha yangu kunatokea aina mpya, nilikuwa na "Dawa" sa hivi nina "Dawa+" na "Dawa++" na paracetamol ninayo mara tatu. Kinachonishangaza mimi mwenyewe nikiandika dawa ambayo tayari ipo Anki inaniwekea rangi nyekundu, mbona hizi haikunionya?*
*— Mwanachuo, Lindi*

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kugawana kazi.

Hapa kosa si la kuingiza mafaili. Najua bila kuambiwa kwamba mlipoanza kila mmoja alifungua Anki yake akaklona aina ya "Basic", akaiita "Dawa", akaongeza fildi za dozi, madhara na tahadhari. Nyie mnaona jina moja. Anki haiangalii jina, kila aina ya noti ina namba yake ya siri ndani, na watano mkiklona mara tano mmepata aina tano tofauti. Faili la mwenzio likija na "Dawa" yenye namba nyingine, Anki haiwezi kuilaza juu ya yako, inaleta ya kwake na kuibandika alama ya kujumlisha ili majina yasigongane. Wakati mwingine badala ya alama hiyo utaona herufi na tarakimu za ajabu ajabu mwishoni, ni jambo lilelile.

Kuhusu ile rangi nyekundu: Anki inalinganisha fildi ya kwanza tu, na inalinganisha ndani ya aina moja ya noti. Paracetamol iliyo kwenye "Dawa" na paracetamol iliyo kwenye "Dawa+" kwake ni vitu visivyojuana, haina sababu ya kukuonya. Hili ndo jambo linalowaumiza watu wengi wanaokopi templeti, unapoklona aina unapoteza na ulinzi wa marudio kati ya ile ya zamani na mpya.

Kuziunganisha, chagua aina moja iwe mama yao, tuseme yako. Fungua "Browse", upande wa kushoto kwenye orodha ya aina za noti bonyeza "Dawa+", chagua zote, halafu kwenye menyu ya "Notes" nenda "Change Note Type" uchague "Dawa". Itakuletea orodha ya kuoanisha fildi, ya zamani huku na mpya kule, na HAPA mdogo wangu naomba utulie sana. Mwenzio anaweza kuwa alipanga madhara kwanza dozi baadaye, wewe umepanga dozi kwanza, ukipitisha bila kuangalia zinaweza kupishana. Paracetamol kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi gramu 1 kwa mara moja, na isizidi gramu 4 kwa siku nzima. Sasa fikiria fildi zimepishana ile gramu 4 ya siku ikaenda kukaa kwenye dozi ya mara moja, na wewe ukaikariri hivo kwa wiki sita, halafu ukaingia wodini. Programu haitakuambia kitu, kwake ni maandishi tu. Kwa hiyo mkimaliza kuhamisha, chukueni kitabu mkae wawili wawili mpitie kadi chache za kila aina iliyohamishwa kabla hamjaanza kuzisoma.

Zikishakuwa aina moja, kwenye menyu ile ile ya "Notes" kuna "Find Duplicates", chagua fildi ya jina la dawa, itakupangia zilizojirudia na unaweza kuzipa tagi zote kwa pamoja. Usifute kwa mkupuo. Katika kila kundi ibakize ile ambayo umeshaisoma ina historia, na kama ya mwenzio ina maelezo mazuri zaidi yakopi uyabandike kwenye yako. Ambazo hujawahi kuzisoma unaziona ukitafuta is:new. Mwisho rudi "Manage Note Types" ufute zile aina zilizobaki tupu.

Kuanzia sasa mmoja wenu atengeneze aina ya "Dawa" mkubaliane fildi zote, aandike noti mbili tatu, aeksporti kama .apkg, na wote mwingize hilo faili kabla ya kuandika chochote. Namba ya siri itakuwa moja kwa wote watano. Baada ya hapo kubadilisha rangi na ukubwa wa maandishi kila mtu afanye anavyopenda, ila asiwepo wa kuongeza fildi au templeti peke yake, maana muundo ukishatofautiana noti zenu hazitaweza kuapdetiana. Ikitokea umetofautiana, kwenye matoleo mapya dirisha la kuingiza lina tiki ya kuunganisha aina za noti, "Merge note types", ila itawalazimu kusinki upya mkusanyiko mzima kwa hiyo kila mtu asinki simu yake kwanza.

*

*Mambo dada. Naandaa misamiati ya Kiingereza darasa la tatu kwenye Excel, naseva CSV naingiza Anki. Nikiongeza maneno kumi nikaingiza faili zima, siku nyingine inaongeza kumi tu, siku nyingine inarudia yote. Sielewi inachagua vipi.*
*— Ticha wa Nachingwea*

Poa ticha. Inachagua kwa kile ulichoweka kwenye dirisha la kuingiza, na nadhani huwa unabadilisha deki bila kuangalia kilicho chini yake. Kuna sehemu ya "Existing notes" yenye chaguo tatu: kuapdeti, kuacha kama ilivyo, na kurudufu. Weka kuapdeti. Halafu kuna "Match scope", ikiwa kwenye aina ya noti peke yake Anki inatafuta neno kokote lilipo, ila ikiwa kwenye aina ya noti pamoja na deki inatafuta ndani ya lile deki tu, kwa hiyo siku ukiingiza kwenye deki lingine inaona maneno yote ni mageni inayaongeza yote.

Kingine, kolamu yako ya kwanza ndo kitambulisho. Ukisahihisha spelingi ya neno kwenye hiyo kolamu Anki inaona neno jipya, la zamani linabaki pale pale na makosa yake. Na ukiwa na neno moja lenye maana mbili kwenye mistari miwili, wa pili unaweza kufuta wa kwanza. Dawa yake ni kuongeza kolamu ya kwanza ya namba, D3-001, D3-002 na kuendelea, iwe fildi ya kwanza kwenye aina yako ila usiiweke kwenye templeti, wanafunzi hawataiona. Namba ukishaitoa usiibadilishe hata ukipanga upya Excel kwa alfabeti.

*

*Mimi sina kompyuta, nina simu tu, ni dereva najifunza Kiingereza cha wageni wa Mikindani. Hayo mambo ya kujirudia yananihusu?*
*— Mtwara mjini*

Yanakuhusu kaka, AnkiDroid nayo inaweza kuongeza aina ya kadi na kanuni ni ileile, kila templeti unayoongeza inazidisha kadi zako zote, na ukifuta noti kadi zake zote zinaondoka. Ila kabla hujafuta hakikisha kweli zimejirudia. Kama ulianza na "Basic (and reversed card)" ile imetengenezwa makusudi ikuulize pande zote mbili, Kiingereza kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kiingereza, na kwa mtu anayejifunza kuongea na wageni mimi ningekushauri uiache. Kinachokera ni zote mbili kuja siku moja, kwa hilo ingia kwenye mipangilio ya deki utafute sehemu ya "Bury" uwashe kuficha kadi ndugu, ukijibu moja nyenzake inasubiri hadi kesho. Halafu eksporti mkusanyiko wako mara moja kwa wiki ujitumie kwenye baruapepe au WhatsApp yako mwenyewe, maandishi peke yake hayali bando sana, kama una sauti na picha nyingi subiri ukipata waifai.